Bomu Limewekwa Sura Isiyo Yake

Mvua za masika zilipokuwa zinaishia nililetewa mswada wa riwaya. Mwandishi wake ni kijana wa Mbeya, mchana mhasibu, usiku mtunzi. Kurasa 340, riwaya ya kijasusi kuhusu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ukurasa wa kwanza ni saa nane usiku, mwezi haupo, wanaume waliojipaka masizi usoni wanafunga baruti kwenye nguzo za daraja la Mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Ukurasa wa tatu daraja linaruka. Ukurasa wa nne simu inalia kwenye chumba cha hoteli Dar es Salaam na mpelelezi wetu anaamka, kitandani hayuko peke yake. Kuanzia hapo ni mbio mpaka mwisho: magari, bastola yenye kiziba sauti, msichana mwenye pasipoti tatu, bosi wa idara asiyetabasamu.

Niliusoma kwa siku mbili na sikusinzia, na hiyo ni sifa kubwa kwa umri wangu. Lakini nilipoufunga nilijiuliza reli yenyewe iko wapi. Treni zinapita nyuma ya mbio kama pazia la jukwaani. Ukiiondoa TAZARA ukaweka kiwanda cha saruji, hadithi haitikisiki. Bosi atampigia simu mpelelezi yule yule, na msichana atatoa pasipoti ile ile.

Sitaki kumwonea kijana wa watu, maana ametembea kwenye njia aliyoikuta imelimwa. Riwaya ya kijasusi ya Kiswahili ilizaliwa Dar es Salaam ile ile iliyojenga reli hiyo. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, alikuwa anawinda vibaraka wa makaburu katika miaka ambayo mataruma yalikuwa bado yananukia upya. Kizazi changu kilisoma vitabu hivyo kwa kupokezana, jalada limeng'oka, kurasa za mwisho hazipo, mwisho tunasimuliana. Vilitupa shujaa Mwafrika anayepanda ndege, anayejua silaha, anayemshinda mzungu kwa akili. Sitavibeza. Ila mirathi yake moja ni kwamba tumezoea kufikiri siasa za mataifa makubwa ni jambo la watu wenye bastola, wakati sehemu kubwa ya siasa hizo ilifanywa na watu wenye rula, vitabu vya hesabu na mafaili yaliyofungwa kamba.

Tuanze na bomu, kwa kuwa ndilo lililonishika.

Tukio ni la kweli. Oktoba 1979 makomando wa jeshi la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walishuka kwa miamvuli ndani ya Zambia, wakafuata mto kwa mitumbwi, wakalipua madaraja mawili ya Chambeshi kwa usiku mmoja, la reli na la barabara. Kurudi walitumia lori waliloliteka njiani. Mtunzi wa taharuki akipewa malighafi ya namna hiyo atoe sadaka.

Ila tazama kalenda. Baruti ilipokuwa inafungwa, London kulikuwa na mazungumzo ya Lancaster House, yaliyoanza Septemba 10 mwaka huo, kuamua Zimbabwe itapata uhuru wa namna gani. Zambia ilikuwa na upungufu wa mahindi. Njia ya kusini ya kuingizia chakula inapita Rhodesia. Njia ya kaskazini ni bandari ya Dar es Salaam na TAZARA. Daraja la Chambeshi likikatika, gunia la mahindi la Lusaka litaomba ruhusa Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia. Na kweli, Novemba Salisbury ikazuia mahindi yasipite. Waliolenga daraja walikuwa wanalenga sufuria ya nshima, ugali wa Wazambia, na nyuma ya sufuria hiyo walikuwa wanamlenga Joshua Nkomo, kiongozi wa ukombozi wa Zimbabwe aliyekuwa na wapiganaji wake Zambia, ili Rais Kaunda wa Zambia, mwenye njaa, amsukume akubali yaliyokuwa mezani. Daraja, sufuria, meza ya London. Hapo ndipo penye riwaya. Mlipuko ni nukta inayofunga sentensi ndefu sana, na kijana wangu ameanza kitabu kwa nukta.

(Nakatiza kidogo. Hapo hapo Chambeshi, Novemba 1918, ndipo Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipopata habari kwamba Vita Kuu imeisha Ulaya, wakati askari na wapagazi wake wa Afrika Mashariki walikuwa bado wanaburuzwa porini. Kuna mnara pale. Na maji ya mto huo, wanajiografia wanasema, ndiyo chanzo cha mbali kuliko vyote cha Mto Kongo. Mahali kama hapa mtunzi hahitaji kubuni kitu, anahitaji kusimama tu atazame. Kwenye mswada, Chambeshi imeelezwa kwa maneno manne: “mto mpana wenye giza”.)

Sentensi hiyo ndefu inaanzia mbali. Mimi ningeianzisha mwaka 1964, ofisini, mchana kweupe. Zambia inapata uhuru Oktoba 24, 1964, ikiwa na shaba nyingi na haina pwani. Fedha zake za kigeni karibu zote zinatoka kwenye shaba, na shaba inatoka nje kwa reli inayokatiza Rhodesia ya walowezi hadi Beira kwenye Msumbiji ya Mreno, au kwa reli ya Benguela hadi Lobito kwenye Angola ya Mreno huyo huyo. Nchi imepewa bendera, lakini milango yake yote miwili funguo wanazo watu wengine. Tanzania na Zambia zinaomba reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia inachungulia na kusema mradi haulipi: reli iliyopo inatosha, afadhali mtengeneze barabara.

Neno lenyewe ni “haulipi”. Hilo kwangu ni bomu kubwa kuliko la Chambeshi, na halikupigiwa king'ora. Ukitaka kujua upembuzi yakinifu ni silaha, soma swali ulilojibu. Aliyeuliza “je, reli hii italipa ikiwa Rhodesia itaendelea kuwa jirani mwema?” alipata jibu la hapana, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliyeuliza “je, Zambia itaishi vipi siku Rhodesia ikifunga mpaka?” alikuwa na mtihani mwingine kabisa. Siku ilikuja mapema: Novemba 11, 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, akajitangazia uhuru wake wa walowezi, na muda mfupi baadaye Zambia ikakosa mafuta ya petroli. Ndege zikabeba mapipa ya mafuta angani, malori yakabeba mengine kwenye barabara ya tope kutoka Dar es Salaam. Waingereza na Wakanada walikuja na upembuzi wa pili mwaka 1966 uliosema reli inawezekana, lakini mfadhili hakujitokeza. Nyerere alishakwenda Beijing Februari 1965 na kurudi na ahadi. Kaunda alisita, hakuwa na haraka ya kuonekana na Wachina, hadi alipokwenda mwenyewe mwaka 1967. Septemba 5 mwaka huo makubaliano ya nchi tatu yakasainiwa.

Hebu fikiria sura nzima ya riwaya inayotokea kwenye meza yenye ripoti mbili, zote mbili za kweli, zinazopingana, na afisa mmoja mdogo wa hazina aliyeambiwa aandike muhtasari wa ukurasa mmoja kwa ajili ya Rais. Anaweka aya ipi kwanza? Nani amemnunulia chakula cha mchana jana? Hakuna bastola hapo, na mimi kwenye kiti changu najua nitatokwa jasho.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho hakijatajwa hata mara moja katika kurasa zile 340.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Hesabu milimita 67. Nimeziweka mezani sasa hivi. Vidole vyangu vinne vikibanwa pamoja vinazizidi kidogo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya reli ya TAZARA na Reli ya Kati. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. TAZARA ina 1,067. Behewa la huku haliingii kule. Mkachagua kipimo kingine, mkaiacha reli ya nyumbani? Ndiyo, kwa sababu reli za Zambia ni 1,067, na shaba lazima itoke mgodini mpaka melini bila kushushwa. Sababu nzuri. Lakini Zambia ilipata wapi kipimo hicho? Kusini. Ni kipimo cha Rhodesia, cha Afrika Kusini, cha mpango wa kikoloni uliopanda kutoka Rasi kuelekea kaskazini. Benguela nayo ni 1,067.

Tafakari jambo hilo taratibu. Reli iliyojengwa ili kukimbia nyumba ya adui ilipimwa kwa upana wa mlango wake. Leo kwa upana huo huo treni inaweza kuondoka stesheni ya TAZARA pale Barabara ya Nyerere, ikapita Kapiri Mposhi, inakoishia TAZARA ndani ya Zambia, ikaingia Kongo kwa Lubumbashi, ikatokea Lobito kwenye Bahari ya Atlantiki. Si nadharia: Julai 2019 treni ya watalii ilifanya safari hiyo, bahari hadi bahari. Lakini treni hiyo hiyo haiwezi kufika stesheni ya Reli ya Kati, mwendo wa dakika chache kwa bajaji ikiwa foleni imekuonea huruma. Wanaotaka shehena ivuke kutoka reli moja hadi nyingine wanakwenda Kidatu, ambako tawi la Kilosa linakutana na TAZARA na mzigo unahamishwa behewa hadi behewa. Na tangu mwaka 2024 tuna treni za SGR zenye upana wa 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu.

Jasusi mwenye akili, aliyetumwa kuiua TAZARA mwaka 1968, asingehangaika na baruti. Angetafuta kikao kinachojadili upana. Angekaa nyuma, akapiga makofi, akarudi hotelini akalala usingizi wa mtoto. Kwa sababu kipimo hicho kilikuja kufanya kazi ambayo komando hakuiweza. Bomu la 1979 lilikata reli kwa muda, daraja likajengwa upya. Lakini makaburu walipoachia madaraka na njia ya kusini ikawa haina aibu ya kisiasa, shaba ilielekea Durban bila kubadilisha hata gurudumu. Mlango ulikuwa wazi siku zote, ulikuwa umerudishiwa tu.

Ninajua nitakavyojibiwa. Nani atasoma riwaya ya milimita? Nimewahi kuambiwa hivyo na mchapishaji, kwa upole, huku akinimiminia chai. Namuuliza, mwaka 2023 ulikuwa wapi? Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai yalipofika Bungeni, watu ambao hawajawahi kumaliza kitabu walikaa vijiweni na nakala kwenye simu wakitaja namba za ibara kama wanavyotaja namba za jezi. Muuza kahawa alikuwa na msimamo kuhusu kipengele cha kuvunja mkataba. Hiyo ilikuwa taharuki tupu, na haikuwa na msichana wala pasipoti. Msomaji yuko tayari zamani. Sisi watunzi ndio tunamdhania kuwa mtoto.

Na tusidanganyane kwamba ukweli ulikosa rangi. Ushoroba ule, miaka ile, ulikuwa na Wamarekani wanaojenga barabara ya Tanzam, Waitaliano waliokwisha kulaza bomba la mafuta la TAZAMA hadi Ndola mwaka 1968, na Wachina wanaokuja na reli, wote wakielekea upande mmoja, wengine wakiona vumbi la wenzao. Vita baridi ilikuwa inapikwa Mikumi na Iringa kwa makoleo. Wachina walikopesha yuan milioni 988 bila riba, na gharama za humu ndani, mishahara na vyakula, zikalipwa kwa sehemu kwa fedha iliyotokana na kuuza bidhaa za China katika nchi hizi mbili. Maana yake mama aliyenunua sufuria ya Kichina dukani alikuwa anachangia taruma porini bila kujua. Kama kuna mtunzi anayetafuta mahali pa kumficha jasusi, amfiche nyuma ya kaunta ya duka hilo, na daftari la mauzo. Kasi ya reli ingesomeka humo.

Hata upelelezi wa kweli wa zama zile ulikuwa wa ajabu kuliko ule wa vitabuni, kwa sababu ulikuwa na makosa. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kimarekani, mmoja akiwa Frank Carlucci aliyefanya kazi Zanzibar, kwa madai ya njama. Mazungumzo yao ya simu yalikuwa yamenaswa. Kwa maelezo ya Wamarekani, walikuwa wanajadili jinsi ya kuishawishi Washington itume salamu kwenye maadhimisho ya Mapinduzi, na mmoja akasema anahitaji silaha nzito zaidi, akimaanisha hoja. Aliyesikiliza akasikia silaha. Uamue mwenyewe nani umwamini, lakini kama mtunzi mimi nampenda huyo msikilizaji: vifaa masikioni, kamusi kichwani, hatima ya nchi mbili ikining'inia kwenye sitiari. Miaka minne baadaye, Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alifungua kifurushi Dar es Salaam na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Sitasema zaidi. Ninaliandika tu kwa ajili ya wale wanaodhani vitabu havina madhara.

Wanaokumbuka siasa watakumbuka pia jambo ambalo hakuna mpanga njama angelipanga. Jiwe la msingi la TAZARA liliwekwa Dar es Salaam Oktoba 26, 1970. Oktoba 25, 1971, mwaka mmoja kasoro siku moja, Umoja wa Mataifa ulipiga kura China ya Beijing iingie, na ujumbe wa Tanzania ukiongozwa na kijana Salim Ahmed Salim ulishangilia ukumbini bila kujificha. Mwaka 1981 Salim alipogombea Ukatibu Mkuu, Marekani ilimwekea kura ya turufu duru baada ya duru, na China ikamwekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu aliyekuwapo, mara 16, mpaka wote wawili wakachoka na kiti akapewa mtu wa Peru. Nani anasema reli inaishia Kapiri Mposhi?

Nirudi porini, maana riwaya ya ujenzi isiyo na udongo ni hotuba. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho moyo wa kazi ile. Reli inatoka bonde la Kilombero lenye joto na matope, inapanda zaidi ya mita elfu moja hadi kwenye baridi ya nyanda za juu, na karibu mahandaki yote ya njia nzima yako hapo. Daraja la Mto Mpanga lina nguzo zenye urefu wa karibu mita 50; ukichungulia dirishani unaona vilele vya miti chini yako, na abiria waliokuwa wanabishana mpira wananyamaza kidogo. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na wasimuliaji wa reli hiyo watakwambia kwamba ugumu wote uliwekwa kwenye hizi chache.

Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Watanzania na Wazambia waliofia huko hawana uwanja wao wa namna hiyo. Hilo peke yake lingetosha kwa riwaya nyingine, na ningeomba iandikwe na mtu mwenye hasira kuliko mimi. Miongoni mwa Wachina wa kwanza kufariki alikuwa mpimaji aliyeuawa na nyuki. Nyuki! Mhariri yeyote angeifuta: “Haiaminiki, tafuta muuaji.” Wakati wapima njia wenyewe, wakitembea na darubini zao kwenye nyasi zinazowazidi kimo, walihofia nyuki, nyoka na malaria kuliko makachero wa Salisbury.

Hapo ndipo tatizo kubwa la utunzi lilipo. Riwaya ya kijasusi inataka mbaya mwenye sura. Akamatwe, aseme maneno yake ya mwisho, kitabu kifungwe. TAZARA ina wabaya wa msimu, Smith na Mreno, na wote waliondoka. Kilichoidhoofisha reli hakikuwa na uso. Injini za mwanzo za Kichina hazikuwa na nguvu za kutosha kupanda na shehena nzito ule mlima wa Makambako, zikachoka mapema. Miaka ya themanini ikabidi kuleta za Kijerumani. Mvua zikabomoa tuta. Bandari ya Dar es Salaam ikajaa mpaka meli zikasubiri. Oktoba 1978, reli ikiwa na miaka miwili tu tangu ikabidhiwe rasmi, Kaunda alifungua tena mpaka wa kusini, mpaka wa Ian Smith, kwa ajili ya mbolea, kwa sababu msimu wa kupanda haungoji mapinduzi. Nakuomba usipite haraka kwenye sentensi hiyo. Mtu aliyejenga reli ya kilomita 1,860 asimhitaji adui, anarudi kwa adui kwa sababu ya mifuko ya mbolea. Kuna sura gani ya bastola inayofikia uchungu huo?

Reli ilisanifiwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia. Ilibeba zaidi ya milioni moja kidogo katika miaka yake bora, na kufikia katikati ya muongo uliopita ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000. Katika mswada, mpelelezi anaiokoa reli ukurasa wa 338. Ningependa kumwona akiiokoa kutoka kwenye ratiba ya matengenezo.

Lipo jambo jingine ambalo Willy Gamba hakuruhusiwa na zama zake kulifanya, na kijana wetu hana kisingizio: kuukosoa upande wake. Msongamano wa bandari ulikuwa wetu. Bodi yenye wajumbe wa serikali mbili, kila mmoja akimsubiri mwenzake asaini, ilikuwa yetu. Shujaa anayeweza kugundua kwamba faili alilolitafuta Salisbury kwa miezi sita limekaliwa na mkuu wake mwenyewe, bila uovu wowote, kwa uvivu tu na hofu ya kusaini, huyo nitamnunulia kitabu kwa bei yoyote.

Na asiseme kwamba mambo haya ni ya wazee. Ramani ile ile imetandikwa tena mezani, safari hii kwa ajili ya shaba na kobalti za betri. Upande wa magharibi Marekani inasukuma ushoroba wa Lobito. Shirika lake la fedha za maendeleo liliidhinisha mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe akafika hadi Lobito. Upande wa mashariki, Septemba 2024 huko Beijing, Xi Jinping, Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema walishuhudia kusainiwa kwa hati ya kuifufua TAZARA, na mwaka uliofuata ukaja mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina itakayoiendesha kwa miaka 30. Reli mbili, kipimo kimoja, madini yale yale, bahari tofauti. Mgodi wa Kolwezi, kule Kongo, unaweza kuamka asubuhi ukachagua uelekee wapi kwa kuangalia bei ya tani na siku za njiani. Tozo ikipanda senti kadhaa Dar es Salaam, treni inageuka Atlantiki. Kijana anayejua uhasibu ndiye mwenye silaha ya kuandika kitabu hicho, na yeye anapoteza vipaji vyake kumwelezea msichana mwenye pasipoti tatu!

Nilimwandikia haya yote, kwa urefu usio wa adabu. Alikaa kimya wiki mbili nikadhani nimemuua. Kisha ukaja ujumbe: “Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu bomu. Lakini kama mbaya hayupo, nani atamfukuza nani?”

Nilimjibu marahaba, na kwamba swali lake ni zuri kuliko mswada wake. Afisa wa hazina anafukuzwa na tarehe. Mpimaji anafukuzwa na mvua. Kaunda anafukuzwa na msimu wa mahindi. Mpelelezi, ukipenda abaki, mfanye afukuzwe na kumbukumbu za kikao kimoja cha mwaka 1968 ambacho kila aliyehudhuria anakumbuka chai tu.

Jana jioni ameniletea kurasa ishirini mpya. Daraja la Chambeshi limehamia sura ya kumi na tisa. Hotelini pale Dar es Salaam yule msichana bado yupo, sikutegemea aondoke kwa barua moja, ila sasa ana pasipoti moja na shahada ya uhandisi. Na sura ya kwanza inaanza mchana, stesheni ya Kidatu, vibarua sita wanahamisha magunia kutoka behewa moja kwenda jingine, na mtu asiyemjua yeyote amechuchumaa kati ya reli mbili, ana rula.